Mnada wa mbuzi wa Nizwa, mtoto wa miaka minne na viatu vya kurudi navyo

*"Shikamoo Daktari. Mwezi wa kumi na moja, Inshallah, tunakwenda Oman kumtembelea mama mkubwa, ameolewa Nizwa miaka mingi sasa. Tutakuwa mimi, mume wangu mwenye kisukari, mwanetu wa miaka minne na mdogo wangu mwenye mimba ya miezi mitano. Mama mkubwa ameshapanga kwamba Ijumaa asubuhi atatupeleka kwenye mnada wa mbuzi. Mume wangu anataka kununua beberu amchinje mwenyewe, akika ya mtoto ambayo hatukuwahi kuifanya, na anataka pia tupite soko la ngamia. Mtoto kila siku anauliza kama atawashika mbuzi. Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp kuna ujumbe unazunguka kwamba ngamia wa Uarabuni wana korona na masoko yale yana homa ya kutoka damu. Mimi mwenyewe nafuga mbuzi saba wa maziwa hapa Tanga. Twende au tughairi? Naweza kurudi na jibini na mche wa mtende? Na swali dogo la mwisho: tende za sokoni zioshwe?"*

Marahaba, mwanangu. Nendeni. Mnada ule ni wa kuuona kwa macho, na safari ya kumwona mama mkubwa haighairiwi kwa ujumbe wa WhatsApp usio na mwenyewe. Ila msisimame wote mahali pamoja, na mumeo nitamwomba kisu amwachie mwingine. Mambo mawili yaliyonitia wasiwasi zaidi katika barua yako hukuyauliza: kikombe cha maziwa utakachotiliwa nyumbani kwa mama mkubwa, na viatu utakavyorudi navyo kwa mbuzi wako saba. Nitayafikia.

Kwanza niwaweke pale sokoni, maana ukijua linavyokwenda utajua pa kusimama. Nizwa iko bara, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa gari kutoka Muscat. Soko liko chini ya ngome yenye mnara mnene wa mviringo, iliyojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaarubi. Ni ukoo uleule ambao mwaka 1698 uliwatoa Wareno Ngome ya Yesu pale Mombasa, kwa hiyo mgeni wa Tanga hapotei sana akifika. Mbuzi huletwa alfajiri. Ikifika saa moja asubuhi watu wameshajaa kwenye duara lenye paa: wengine wamekaa katikati wakitazama nje, wengine wamesimama nje wakitazama ndani, na kati yao kimeachwa kinjia ambacho wauzaji wanazunguka, kila mmoja na mbuzi wake kwenye kamba, akitaja bei kwa sauti. Anayemtaka mbuzi humsimamisha muuzaji, wakaanza kuvutana rial kwa rial. Kwenye saa tatu shughuli imepoa, ng'ombe wameshapitishwa, na watu wanajiandaa kwa sala ya Ijumaa. Usishangae ukimsikia mzee mwenye bakora na kilemba akinong'ona na mwenzake kwa Kiswahili cha Unguja au cha Bujumbura. Familia nyingi za bara la Oman zina historia huku kwetu, na waliorudi wakarudi na lugha.

Sasa mtazame mnunuzi mmoja, kwa sababu somo lote liko mikononi mwake. Anamshika mbuzi kidevu, anampandisha mdomo kwa dole gumba ahesabu meno. Anambinya kiuno, anamwinua kidogo kupima uzito, na akiwa jike anashika na kiwele. Hajamtaka, anamwachia. Halafu anageuka, anapokea finjani ya kahawa, anachukua tende kwenye sahani, na kwa vidole vilevile anaitia mdomoni.

Hapo ndipo hatari ya mnada ilipo kwa mgeni. Nimewasikia watu wengi wakiogopa hewa ya soko, wanavaa barakoa kama wanaingia wodini. Duara lile liko wazi na upepo unapita. Barakoa itakusaidia kwa vumbi, na kama una pumu ivae, lakini maradhi mengi ya mbuzi yanayompata binadamu hayamwingii hivyo kwa mtu aliyesimama pembeni akitazama. Yanaingia kwa mdomo, kupitia mkono au maziwa. Yanaingia kwenye mchubuko wa ngozi, kwa damu. Yanaingia kwa kuumwa na kupe. Moja tu, nitakalolieleza nikifika kwa mdogo wako, linapenda vumbi.

Kosa la pili ni kudhani mnyama mgonjwa anajulikana kwa macho. Wewe mfugaji umezoea kumwona mbuzi amelala, masikio yameshuka, manyoya yamesimama, ukasema huyu anaumwa. Kwa maradhi ya mbuzi wenyewe jicho lako ni zuri. Lakini mbuzi mwenye brusela, ugonjwa wa bakteria unaompata na binadamu, anaweza kuwa mnene, anang'aa, na anatoa maziwa kama kawaida. Dalili yake pengine ni mimba moja tu aliyoitupa mwaka jana, na muuzaji hatakuhadithia. Mnyama mwenye virusi vya homa ya kutoka damu haonyeshi chochote kabisa. Kwa hiyo usiniambie "tutachagua mwenye afya". Mnachagua mwenye nyama.

Nije kwenye ujumbe wenu wa WhatsApp. Kama zilivyo nyingi za aina yake, una ukweli nusu.

Ni kweli kwamba ngamia wana virusi vya jamii ya korona, vinaitwa MERS, vilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 2012 kwa mgonjwa wa Saudi Arabia. Si UVIKO-19, ni ndugu, ila ni mwingine. Ngamia mwenyewe hapati zaidi ya mafua mepesi. Binadamu akiugua, mapafu yanaweza kuzidiwa: kati ya wagonjwa walioripotiwa duniani, takriban mmoja kati ya watatu alifariki, na wengi wao walikuwa watu wenye maradhi mengine tangu awali, kisukari kikiwa mojawapo. Oman imepata wagonjwa. Wako wachache ukilinganisha na Saudi Arabia, lakini wapo. Virusi hukaa zaidi kwenye pua ya ngamia, na yule anayempapasa uso, kumbusu kwa ajili ya picha au kunywa maziwa yake mabichi ndiye anayejisogeza.

Nizwa ni soko la mbuzi na ng'ombe kuliko ngamia. Soko la ngamia analolitaka mumeo huenda ni la Sinaw, linalofanyika Alhamisi, ambako Mabedui huleta ngamia kutoka jangwani. Kwa mtu mzima mwenye afya ningesema nenda, simama mbali na midomo yao, usiguse, nawa, rudi. Kwa mtu mwenye kisukari jibu langu ni fupi: asiende. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wenye kisukari, figo zilizochoka, maradhi ya mapafu ya muda mrefu au kinga iliyoshuka wajiepushe kabisa na ngamia, maziwa yao mabichi na mkojo wao. Nautaja mkojo makusudi. Wako watakaompa kwenye chupa wakimwambia ni dawa ya sukari. Akubali salamu, akatae chupa.

Na ile homa ya kutoka damu, jina lake refu ni homa ya Krimea na Kongo. Ilielezwa Krimea mwaka 1944, virusi vyake vikapatikana Kongo mwaka 1956, na baadaye wataalamu wakagundua kuwa ni ugonjwa mmoja. Mwenyeji wake ni kupe, hasa yule mwenye miguu ya mistari ambaye hasubiri kwenye majani kama kupe wengi. Huyu anakimbia ardhini kumfuata mnyama au mtu. Kupe akimuuma mbuzi, virusi hukaa kwenye damu ya mbuzi kama wiki moja, naye anatafuna majani yake kama hakuna kitu. Mtu akimchinja wiki hiyo, damu ikamrukia usoni au ikaingia kwenye kidole kilichokatika, imempata. Ndiyo maana madaktari wa Oman huwaona wagonjwa hawa zaidi baada ya Idi ya kuchinja. Walio wengi ni wachinjaji, wafugaji, na watu waliochinja wenyewe nyumbani. Aliyesimama mnadani akapiga picha simkuti kwenye orodha hiyo.

Kwa sababu hiyo nasema mumeo aache kisu. Sipingi akika, nami zangu nimezifanya. Mnunueni beberu, mumeo awe na nia yake, kisha mpelekeni machinjio ya manispaa, ambako yupo daktari wa mifugo anayekagua na wachinjaji wanaovaa glavu na buti. Mumeo atasimama pembeni na kusikia bismillahi ikitajwa. Kumwachia mchinjaji achinje kwa niaba yake kunafaa, na shehe wenu atalithibitisha hilo vizuri kuliko mimi. Mtu wa sukari ana sababu moja zaidi: kidole chake kikikatika hakiponi upesi, na kidonda kinachokaa wazi wiki mbili ni mlango unaokaa wazi wiki mbili. Nyama yenyewe ikishapikwa ikaiva haina neno. Virusi hivi vinakufa kwa moto. Kuleni biriani yenu kwa raha.

Kupe wenyewe ni rahisi kuwadhibiti mkiwa macho. Vaeni nguo za rangi nyeupe au ya kufifia, ndefu mpaka kifundo, na viatu vya kufunika, ndara hapana. Mkirudi nyumbani kagueni miguu, nyuma ya magoti, kiunoni, na kwa mtoto nyuma ya masikio. Mkimkuta kupe, mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni moja kwa moja bila kumzungusha. Msimmwagie mafuta ya taa, msimchome na sigara. Na ile tabia yetu ya kumbana kupe kati ya kucha mbili mpaka apasuke, nayo iacheni. Mnajipaka wenyewe kile mnachokikimbia.

Mtoto je? Hapa nitakuwa mwepesi kuliko ulivyotarajia. Mtoto wa miaka minne anayempenda mbuzi, akafika mnadani akaambiwa asiguse, atalia mpaka Muscat. Mruhusu amguse mmoja, mkubwa, aliyetulia, aliyeshikwa na mwenyewe, na amguse mgongoni. Asimguse mdomo. Mbuzi wana virusi vya vidonda vya midomo ambavyo vikiingia kwenye mchubuko huota kivimbe kidoleni, kinachokaa wiki kadhaa. Hakiui, kinasumbua tu. Kilicho kikubwa zaidi ni bakteria wa kinyesi, ambao wako kwenye manyoya ya kila mbuzi duniani, wa kwako wakiwemo. Kwa mtu mzima ni tumbo la siku mbili. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano wapo wachache kati ya bakteria hao wanaoweza kuharibu figo. Basi akishamgusa, kabla hajala kitu, kabla hajatia kidole puani, mnaweshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, mkisugua mnapohesabu hadi ishirini. Kile kichupa cha jeli ya spiriti mkichukue, lakini mkono wenye mavi hausafishwi kwa jeli; uchafu unawakinga bakteria, na vipo vimelea ambavyo spiriti haiviwezi kabisa. Peremende, chupa ya juisi na mwanasesere wa kunyonya viacheni garini. Na ng'ombe wakianza kuingia, mwinue mtoto mkasimame nyuma ya watu. Fahali wa kule wakichachamaa wanaivuta kamba pamoja na anayeishika, na nimeshuhudia wanaume wazima wakipanda ukuta. Katika mambo yote niliyoyaandika, la kukanyagwa ndilo linaloweza kutokea palepale mbele ya macho yenu.

Mdogo wako ndiye ninayemwambia abaki upande wa pili wa soko. Nina sababu. Mbuzi akizaa, au akitupa mimba, maji na kondo la nyuma vinaweza kubeba bakteria wa homa inayoitwa homa ya Q. Hao ndio wanaokauka, wakawa vumbi, wakaruka na upepo, na wachache tu wanatosha kumwambukiza mtu. Kwa mwenye mimba wanaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa kabla ya wakati. Mnadani huletwa mbuzi wenye mimba na wengine waliozaa juzi, wana wao wakiwafuata. Je, akipita dakika kumi ukingoni ataugua? Uwezekano ni mdogo sana, na kama ameshapita usimtie hofu. Lakini nikipima raha ya kuwaona mbuzi wakizunguka na kile kinachoweza kupotea, sioni hesabu inayofanya iwe lazima. Hatua chache tu kutoka pale kuna soko la tende, la halua, la vyungu vya Bahla, la fedha na majambia. Halua ya Oman ikitolewa ya moto kwenye sufuria ya shaba, atawasahau mbuzi.

Sasa kikombe cha maziwa.

Mama mkubwa akiwa na mbuzi uani, au jirani yake anaye, atawatilia maziwa ya asubuhi, mabichi, bado yana joto la kiwele, na jibini laini la jana. Hapo ndipo adabu yetu inapotuponza. Brusela ya mbuzi ndiyo kali kuliko ya ng'ombe, Oman ipo, hasa upande wa kusini Dhofar, na msafiri anaipata kwa maziwa mabichi na jibini lake kuliko kwa njia nyingine yoyote. Watu huniambia, "lakini yameganda, ule uchachu unaua". Hauui, si kwa kutegemewa. Bakteria hawa wanaweza kuishi kwenye jibini bichi kwa miezi. Kinachowaua ni moto: maziwa yachemke mpaka yafure, basi. Laban (maziwa ya mgando) za dukani, zilizofungwa kiwandani, zimeshapitishwa kwenye joto, na mnaweza kunywa mtakavyo.

Namna ya kukataa ndiyo kazi. Usimwambie mama mkubwa kwamba maziwa yake ni machafu. Mwambie mapema, kwa simu, kabla hamjapanda ndege: "Mama, daktari wa mdogo wangu amesema maziwa yachemshwe, na mtoto tumbo lake jepesi, utusaidie." Weka lawama kwangu, nina mgongo mpana. Mwenyeji aliyeambiwa kabla hujisikia ameombwa msaada. Akikuona unakirudisha kikombe mbele ya wageni, amevunjiwa heshima, na hilo halisafishwi na sabuni.

Matunda na mboga za sokoni hazina fumbo. Mnachokimenya wenyewe kuleni. Mnachokila na ganda lake kiosheni kwa maji mnayoyaamini. Na kile kilichokwisha kukatwa na kukaa juani kipiteni. Hewa ya mwezi wa kumi na moja itawafaa. Kiangazi cha Nizwa hupita nyuzi 40, na huko jua lenyewe ni ugonjwa.

Tuje nyumbani kwako Tanga. Kuna maradhi mawili ambayo hayamdhuru binadamu, kwa hiyo hakuna anayekutumia ujumbe wa WhatsApp juu yake, lakini kwa mfugaji ni msiba: ugonjwa wa miguu na midomo, na sotoka ya mbuzi na kondoo. Utasema yote mawili tunayo. Ni kweli, tunayo. Sotoka ya mbuzi ilithibitishwa Kenya mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2008, na ile ya miguu na midomo ni ya zamani. Ila virusi vya miguu na midomo viko vya aina saba, na chanjo au kinga ya aina moja haimkingi mnyama na nyingine. Aina zinazozunguka Asia si zote zinazozunguka kwetu. Tope lililokauka kwenye soli ya kiatu linaweza kubeba virusi hivyo siku nyingi, tena ndani ya begi, mbali na jua. Uingereza mwaka 2001 walichinja wanyama zaidi ya milioni sita kuumaliza ugonjwa huo huo.

Kwa hiyo viatu vya mnadani viwe vya mnadani. Siku ileile, nyumbani kwa mama mkubwa, visugue kwa brashi, maji na sabuni mpaka mifereji ya soli ionekane, ndipo uviloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia. Utaratibu ni huo, usiugeuze: dawa juu ya tope ni kazi bure. Nguo za siku hiyo zifuliwe hukohuko. Ukirudi Tanga, kaa siku tano kabla hujaingia bandani, mwachie kijana wako awalishe mbuzi. Ningekuwa wewe, viatu hivyo ningemwachia shamba-boi wa mama mkubwa kama zawadi na mambo yakaisha.

Jibini la nyumbani usilibebe. Nyama, maziwa na vitokanavyo navyo vinahitaji kibali cha mamlaka ya mifugo kabla ya kuingia nchini, na jibini lililofungwa kwa kitambaa ndani ya begi la nguo halina kibali. Halua, ubani wa Dhofar, tende zilizofungwa dukani, hivyo ndivyo vya kubeba. Ukiulizwa uwanja wa ndege vitaje.

Mche wa mtende nauomba kwa sauti ya kupiga magoti: usiulete. Ghuba ina mdudu mwekundu wa mitende, aliyeingia huko miaka ya 1980. Jike hutaga mayai mamia kwenye shina, funza wanakula ndani kwa ndani, na kwa nje mti unaonekana mzima mpaka siku kilele kinapoanguka. Husafiri kwa ndege kama abiria, ndani ya machipukizi ambayo watu wema wanawapelekea ndugu zao. Na mdudu huyu hali mitende peke yake. Anakula na minazi. Sisi tuna chonga, mdudu wetu wa minazi, anayetutosha. Hebu fikiria minazi ya kutoka Tanga mpaka Mtwara, halafu fikiria mche mmoja uliofungwa kwenye gunia. Ukiutaka mtende kweli, iko njia ya halali: miche iliyozalishwa maabara, kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla ya kununua, na cheti cha afya ya mimea kutoka Oman. Ni safari ndefu ya makaratasi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mkiwa kule, mtu akipata homa ya ghafla yenye maumivu makali ya kichwa na mwili, au damu kwenye fizi, puani au madoa chini ya ngozi, msisubiri asubuhi. Nendeni hospitali, na mlangoni kabisa, kabla hajachomwa sindano, semeni: tulikuwa mnadani, tuligusa mnyama, au tuling'atwa na kupe. Neno hilo linamlinda mgonjwa, na muuguzi pia. Namba ya dharura ya Oman ni 9999. Chukueni bima ya safari, hasa kwa mumeo na mdogo wako.

Mkisharudi, homa ndani ya wiki mbili ipimwe malaria kwanza, kwa kuwa mmerudi Tanga na mbu wetu hawajui mlikotoka. Lakini kipimo kikitoka safi, msikubali kupewa dawa ya taifodi kwa mazoea. Kikohozi na kubanwa pumzi ndani ya siku 14 baada ya kuwa karibu na ngamia ni hospitali siku hiyohiyo. Homa yoyote kwa mdogo wako, hata nyepesi, aonane na daktari wake. Na brusela ina subira: inaweza kujitokeza mwezi mmoja, miwili au zaidi baadaye, homa inayopanda jioni na kushuka alfajiri, jasho la usiku linalolowesha shuka, mgongo na viungo vinauma, mtu hana hamu ya chochote. Nimewaona wagonjwa waliomeza dawa za malaria mara nne kabla ya mtu kuwauliza walikunywa maziwa gani. Inatibika, kwa dawa mbili pamoja kwa wiki sita, na wiki sita ni sita. Anayeziacha wiki ya tatu kwa kuwa amepata nafuu, ugonjwa humrudia.

Na tende, ndiyo, zioshwe. Za kufungua kwenye kapu zimeshikwa na vidole vya soko zima, na sasa unajua vidole hivyo vilikuwa wapi. Suuza, kausha kwa kitambaa safi, kisha ipasue kila moja katikati kabla hujampa mtoto: uitoe kokwa isimkabe, na uangalie kama kuna mdudu aliyetangulia kula.